Ruta zijipange zenyewe, lakini funguo zibaki Butembo na Beni

Mvua kubwa ikipiga Butembo alasiri, fundi wa intaneti anajua kesho yake itakuwaje. Dukani Kimemi mtandao umekatika. Shuleni Bulengera taa za ruta zinawaka, lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Kituo cha afya kilicho njia ya Musienene kinasema kisanduku kimerudi kama kilivyotoka dukani, kimesahau kila kitu. Basi fundi anatia kompyuta ndani ya mkoba, anamwita motari, na safari inaanza. Mara nyingi kazi yenyewe, akishafika, ni ya dakika 10: kuandika upya jina la mteja, neno la siri na namba chache. Njia ndiyo inayokula siku.

Kazi hiyo ya dakika 10 inaweza kufanyika bila mtu kutoka ofisini. Teknolojia yake si ngeni. Mwaka 2004 makampuni ya mawasiliano yalikubaliana juu ya kanuni inayoitwa TR-069. Ruta mpya ikichomekwa kwenye umeme na kupata njia ya kutokea, yenyewe inaitafuta kompyuta kuu ya kampuni, inajitambulisha kwa namba yake ya kiwandani, na inapewa mpangilio wake. Kuanzia hapo inatoa habari za hali yake kila mara na kupokea marekebisho. Zipo programu za bure zinazofanya kazi ya kompyuta kuu hiyo, kama GenieACS. Nazo ruta za MikroTik, kampuni ya Latvia ambayo watoa huduma wadogo wengi wa Afrika huipenda kwa sababu bei yake inavumilika, zina lugha yao ya kuandikia maagizo: fundi anaandika mara moja, ruta 100 zinatii.

Wanaouza intaneti Butembo na Beni wanapaswa kuingia katika njia hiyo, tena bila kungoja. Bado wapo wanaoiona kama anasa ya miji yenye umeme wa saa 24 na barabara za lami. Ukweli ni kinyume chake. Mji wenye barabara salama unaweza kumudu kumtuma mtu kwa kila kosa dogo.

Huku, kila safari ina hesabu yake. Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita 54 tu, lakini ni kilomita zinazopita Maboya na Kabasha. Oktoba 2022 washambuliaji waliingia Maboya usiku, wakaua watu hata ndani ya kituo cha afya cha masista. Kutoka Beni kwenda Oicha na Eringeti, au kwenda Kasindi kwenye mpaka wa Uganda, ni njia ambazo kwa zaidi ya miaka 10, tangu mauaji ya Oktoba 2014, wasafiri wamezoea kuuliza habari kabla ya kuwasha pikipiki. Magharibi mwa Butembo, njia ya Manguredjipa nayo imeingia katika orodha hiyo. Mtu anaposafiri kwenda kuokoa mgonjwa au kutafuta watoto wake, kila mkaaji anaelewa. Lakini kijana kupita njia hizo ili aende kuandika neno la siri lenye herufi nane, hilo ni gumu kulielezea familia yake ikiwa hakurudi.

Kuna hatari nyingine isiyosemwa sana, kwa sababu haitoi damu. Ujuzi wa mtandao mzima wa kampuni ndogo mara nyingi unakaa katika kichwa cha mtu mmoja. Yeye ndiye anayekumbuka antena ya Mususa inaelekea wapi, ruta ya parokia ina namba gani, na yule mteja mkaidi wa Vulamba alibadilishiwa nini mwezi wa tatu. Maneno ya siri yako ndani ya simu yake. Siku akipata kazi Kampala, au familia yake ikikimbia vita, au simu ikiibwa sokoni, kampuni inabaki na visanduku vilivyofungwa. Anayekuja baada yake hana la kufanya ila kuvirudisha katika hali ya kiwandani, kimoja baada ya kingine, na kuanza upya. Wateja wanaona tu kwamba mtandao “umekuwa mbaya” tangu fulani aondoke.

Mashine haimalizi tatizo hilo kwa uchawi. Inalimaliza kwa sababu inamlazimisha mtu kuandika. Ili ruta ijipange yenyewe, ni lazima pawe na faili inayosema kila mteja anapaswa kuwa na nini. Faili hiyo ndiyo kumbukumbu ya kampuni. Hata kama kompyuta kuu ingeungua leo, kampuni yenye faili hiyo katika nakala mbili ni tajiri kuliko yenye fundi hodari asiyeandika.

Wapo wanaosema: ruta zinafanya kazi, kwa nini kuzigusa? Mwaka 2018 ulitoa jibu. Mwezi wa nne mwaka huo MikroTik ilitoa marekebisho ya kuziba tundu lililomruhusu mgeni kuchukua maneno ya siri ya ruta kutoka mbali. Marekebisho yalikuwa bure. Kufikia mwezi wa nane, zaidi ya ruta laki mbili duniani, kuanzia Brazili, zilikuwa zimetekwa na kufanyishwa kazi ya kuwachimbia wezi sarafu za kidijitali. Wenyewe hawakujua. Waliona intaneti nzito, wakalaumu kampuni au hali ya hewa. Ruta hizo hazikutekwa kwa kukosa dawa. Zilitekwa kwa sababu kuipeleka dawa kisanduku kwa kisanduku ni kazi ambayo hakuna mtu aliyekuwa na muda nayo. Huo ndio ukweli wa matengenezo ya mkono popote duniani: yanafanyika siku ya kwanza, kisha yanasahauliwa hadi kitu kife.

Basi mashine ziingie. Lakini atakayechukua mpango ulioandikwa kwa ajili ya Berlin au Kigali na kuuweka Beni kama ulivyo, ataaibika ndani ya wiki moja.

Aanze na jambo dogo kama saa. Ruta nyingi ndogo hazina betri ya kutunza saa. Umeme ukikatika, zinapowaka tena zinaamini kwamba ni Januari 1970, mpaka zipate saa ya kweli kutoka mtandaoni. Kwa ruta isiyozimwa mwaka mzima, hilo si neno. Kwa ruta inayozimwa kila jenereta inapozimwa, ni ugonjwa wa kila siku. Kompyuta kuu inaonyesha cheti chake cha usalama, na cheti hicho kina tarehe ya kuanzia. Ruta inayodhani kwamba iko mwaka 1970 inakiangalia na kuona cheti ambacho bado hakijazaliwa, kwa hiyo inakikataa. Fundi anakaa ofisini akishangaa kwa nini ruta 30 hazisemi naye. Dawa yake ni rahisi mtu akiijua: saa itangulie kila kitu, na itoke kwenye kifaa kilicho hapa mjini chenye betri, pasipo kungoja seva ya Ulaya.

Kisha kuna suala la kubadilisha programu ya ndani ya ruta. Vitabu vyote vinashauri kazi hiyo ifanyike saa tisa ya usiku, wateja wakiwa wamelala. Ushauri mzuri, kwa mji usiozimika. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, ruta inaweza kufa kabisa, na haifufuki mpaka mtu aende na waya na kompyuta. Yaani safari ile ile iliyokusudiwa kuepukwa, sasa ikiwa safari 20. Kwa wateja wanaotegemea paneli za jua, saa nzuri ni ile ya mchana betri zikiwa zimejaa, hata kama mteja atakosa intaneti kwa dakika tano. Atasamehe dakika tano za saa sita ya mchana kuliko siku tatu za kungoja fundi.

Na mega zinahesabiwa. Sasisho la megabaiti 15, likipakuliwa na ruta 200 kila moja kivyake kutoka ng’ambo, ni gigabaiti 3 zinazopita katika bomba lile lile ambalo wateja wamelilipia. Lipakuliwe mara moja, liwekwe kwenye kompyuta iliyo Butembo, ruta zichukue hapo. Na lijaribiwe kwanza kwenye ruta moja ya ofisini, halafu tano, halafu zilizobaki. Hii si hofu ya bure. Tarehe 4 Oktoba 2021 wakaaji wengi wa Beni na Butembo walidhani kwamba mega zao zimekwisha au kwamba serikali imekata WhatsApp. Kumbe ilikuwa amri moja ya matengenezo huko Facebook, na chombo kilichopaswa kuizuia kilikuwa na kasoro. Mtandao wote wa kampuni hiyo ulijikata kutoka duniani kwa karibu saa sita, na WhatsApp ikaenda nao. Wahandisi wa kampuni tajiri kiasi hicho walilazimika kwenda kwa miguu yao hadi penye mashine, kwa sababu njia ya kuzirekebisha kutoka mbali nayo ilikuwa imekufa. Fundi wa Butembo mwenye kompyuta moja anaweza kufanya kosa lile lile kwa herufi moja, na wateja wake wote wakazimika pamoja.

Hapo ndipo lilipo jambo zito zaidi. Zamani mwizi aliyetaka kuharibu ruta 300 alihitaji kufika mahali 300. Ruta zikishaunganishwa na kompyuta kuu moja, anahitaji kufika mahali pamoja. Tarehe 24 Februari 2022, saa chache kabla ya jua kuchomoza na jeshi la Urusi likiwa karibu kuingia Ukraine, kuna waliopenya katika sehemu ya kusimamia wateja wa mtandao wa satelaiti wa KA-SAT wa kampuni ya Viasat. Hawakuvunja satelaiti. Walitumia mlango ule ule wa matengenezo kutuma amri halali kwa modemu za wateja, amri iliyofuta kumbukumbu zake. Modemu makumi ya maelfu zilikufa, si Ukraine tu. Huko Ujerumani mitambo 5,800 ya kuzalisha umeme kwa upepo ikakosa mawasiliano ya kusimamiwa kutoka mbali. Vita vya nchi moja viliingia katika nchi nyingine kupitia mlango wa fundi.

Watu wa Kivu ya Kaskazini hawahitaji kwenda Ulaya kuelewa maana ya ufunguo kuwa mbali. Mwishoni mwa 2018 CENI iliahirisha kura ya Beni na Butembo hadi Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa usalama, huku nchi nyingine ikipiga kura tarehe 30 Desemba. Siku iliyofuata intaneti ilikatwa nchi nzima, na ilikaa karibu wiki tatu bila kurudi. Miji miwili iliyokuwa katikati ya mlipuko wa Ebola, ambao mpaka unatangazwa kwisha Juni 2020 ulikuwa umeua watu 2,287, ilizimiwa mtandao kwa sababu ya kura ambayo haikuruhusiwa hata kuipiga.

Kisha ikaja Januari 2025. Goma ilianguka mikononi mwa M23, uongozi wa jimbo ukahamia Beni, na kati ya Goma na Butembo ukawekwa mstari wa vita. Miaka yote hiyo ilikuwa kawaida kwa ofisi za jimbo hili kuweka kila kitu kikubwa Goma. Waza kampuni iliyo na kompyuta yake kuu katika chumba kimoja huko. Waya unaweza kuvuka mstari wa vita, lakini fundi hawezi kuuvuka na diski mkononi. Na nani anashika ufunguo wa chumba hicho leo?

Kwa hiyo sharti moja liwe zito kuliko mengine yote: kompyuta inayoamuru ruta za Butembo na Beni iwe Butembo na Beni, mbili, moja katika kila mji, kila moja ikiwa na nakala ya mwenzake. Si lazima ziwe kubwa. Kompyuta ndogo inayokula umeme kama wa taa moja inatosha ruta mia kadhaa, na betri ya jua inaibeba usiku kucha. Mlango wake usionekane kutoka intaneti ya wazi, bali ruta ziufikie kwa njia ya siri iliyofungwa. Amri inayogusa ruta zote ikubaliwe na watu wawili, kama vile hundi ya chama cha akiba inavyotiwa sahihi mbili. Watu watasema huo ni urasimu. Wakati wa vita, mtu mmoja mwenye bunduki kichwani anaweza kulazimishwa kutoa neno la siri. Wawili walio katika miji tofauti ni vigumu zaidi.

Vijana watakosa kazi? Swali hili ni la haki katika miji ambako mwenye diploma anauza mega barabarani, na kulijibu kwa maneno matamu ni kumdharau anayeuliza. Ndiyo, fundi anayelipwa kwa kila safari atapoteza safari. Mwajiri anayenunua mashine ili afukuze watu wawili atafanya hivyo, na hakuna programu ya kumzuia. Lakini mwajiri huyo atajuta mvua ya kwanza. Hakuna amri ya mbali inayopanda mnara kugeuza antena iliyosukumwa na upepo. Hakuna inayobadilisha adapta iliyounguzwa na radi, na katika mji ulio kwenye milima kiasi hiki, waya wa kupeleka radi ardhini una kazi kubwa kuliko programu yoyote. Kinachoondoka ni zile dakika 10 za kuandika namba. Kinachobaki ni kazi ya mikono, na kazi mpya ya kuandika maagizo, kuyajaribu na kusoma ripoti za ruta kabla mteja hajapiga simu. Hiyo ya pili inafundishika. UCBC ya Beni, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben cha Butembo na shule nyingine za huku zina wanafunzi walio tayari. Wanakosa mahali pa kujifunzia kwenye mtandao wa kweli, na kampuni za mji zingeweza kuwapa.

Na anayetetea safari za pikipiki kwa jina la ajira aangalie kinachokuja kutoka juu. Mei 2025 mamlaka ya usimamizi wa mawasiliano, ARPTC, ilitoa leseni kwa Starlink, baada ya kuikataza mwaka uliotangulia. Kisanduku cha Starlink hakimngoji fundi wa Butembo. Mnunuzi anakiweka juu ya paa, kinajipanga chenyewe, na programu yake inabadilishwa kutoka Marekani bila mtu kuulizwa. Mwenye duka hapati hata nafasi ya kujua ni amri gani imepita usiku. Huo ndio mtandao unaojipanga wenyewe, na tayari uko njiani. Kampuni ya Beni inayomfanya mteja angoje siku tatu kwa neno la siri haitashindana nao kwa kusema kwamba ni ya nyumbani.

Itashindana kwa kumpa mteja kile ambacho wa mbali hawezi kumpa: kumwonyesha ufunguo. Sasa hivi mteja wa kawaida analipa ruta, lakini hajui neno lake la siri. Akigombana na kampuni au kampuni ikifunga, kisanduku alichokinunua kwa dola zake kinakuwa jiwe. Ruta zikianza kusimamiwa kutoka mbali utumwa huo utazidi, isipokuwa mkataba useme mapema mambo yake: kampuni inaweza kugusa nini ndani ya ruta na haiwezi kugusa nini, mteja anaarifiwa lini kabla ya mabadiliko, na siku akiondoka anaachiliwa ruta yake ikiwa wazi. Wateja wa kuanza kudai hayo ni wale wakubwa, kwa sababu wao wanasikilizwa: hospitali zinazotuma ripoti zao za kila wiki kwa mtandao, shule, parokia, vyama vya akiba na mikopo, ofisi za jimbo zilizohamia Beni. Kabla ya kutia sahihi mwaka ujao, waulize kampuni yao maswali mawili tu. Kompyuta inayoamuru ruta yetu iko katika chumba gani? Na fundi wenu mkuu asipoonekana kesho, nani mwingine anaweza kuifungua?

Jibu la pili liandikwe kwenye karatasi, liwekwe ndani ya bahasha iliyofungwa, na bahasha ikae katika sanduku la chuma la mhasibu.